“Organizer”, “Coordinator” au “Planner”: Kuchagua Neno la Kiingereza kwa Anayeandaa Shughuli

Majina ya washiriki yamekwisha kuchapwa kwenye vyeti, nembo imekaa mahali pake, na chini kulia kuna mstari wa sahihi unaosubiri cheo. Aliyeandaa warsha anafahamika, na kwa Kiswahili hakuna aliyewahi kusita kumwita mwandaaji au mratibu. Lakini cheti ni cha Kiingereza, na mwandishi anapofungua kamusi anakuta “organizer”, “coordinator”, “planner”, “arranger”, “facilitator”, “convener”, “host” na mengineyo, yote yakiwa yamefasiriwa kwa maneno yanayokaribiana mno. Makala haya yanayaweka maneno hayo ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo. Nimeyapa nafasi kubwa matatu ya mwanzo yanayogombaniwa kila siku, na mengine nimeyagusa kwa kiasi cha kumwezesha msomaji kujua lini ayatumie na lini ayaepuke.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni wakati: je, neno linamtaja mtu kwa kazi aliyoifanya kabla ya shughuli, wakati wa shughuli, au tangu wazo lilipozaliwa hadi viti viliporudishwa stoo? Cha pili ni dhamana, yaani nani analaumiwa mambo yakiharibika na nani anashukuriwa yakienda vizuri. Cha tatu ni uhusiano wake na watendaji wengine: yuko juu yao, yuko kati yao, au anafanya peke yake? Cha nne ni mahali neno linapozoeleka, kwa kuwa neno linalopendeza katika tangazo la kazi linaweza kuonekana geni kwenye bango. Cha mwisho ni maana nyingine za neno lilo hilo, ambazo msomaji wa Kiingereza anazo kichwani hata kama mwandishi hakuzikusudia.

Anayetaka njia ya mkato ajiulize ni nani atakayempigia simu mtu huyo, na lini. Swali hili halina utaalamu wowote, ila limenisaidia kuliko kamusi nyingi, nami nitalirudia.

“Organizer”

Kati ya maneno yote tunayoyalinganisha, hili ndilo pana zaidi. Linamtaja mtu, kamati au taasisi iliyolianzisha jambo, ikalisimamia na ikawajibika kwalo hadi mwisho. Kwa upande wa wakati, halichagui: aliyepata kibali miezi mitatu kabla na aliyesimama mlangoni siku yenyewe wote wanaweza kuwa humo. Kwa upande wa dhamana, ndilo lenye uzito mkubwa kuliko mengine. Tamasha likinyeshewa na mvua, ni “the organizers” watakaotoa taarifa ya kuliahirisha, nao ndio watakaoulizwa habari za kurudisha viingilio. Simu zinazomfikia mtu huyu hutoka nje: kwa mwenye tiketi, kwa mwandishi wa habari, kwa ofisi iliyotoa kibali.

Kuhusu uhusiano na wengine, neno hili halisemi lolote juu ya ngazi, na huo ni urahisi wake. Linaingia katika wingi bila shida, na wakiwa wawili kila mmoja anaitwa “co-organizer” bila ulimi kujikwaa. Ndiyo maana linatawala kwenye mabango, kwenye taarifa kwa umma na katika jina la kamati, “organizing committee”. Hata wanaoifanya kazi hiyo kama taaluma hawakulikimbia: chama cha kimataifa cha kampuni zinazoandaa makongamano, IAPCO, kilichoanzishwa mwaka 1968, kimelibeba neno “Organisers” ndani ya jina lake. Mahali linapopungua nguvu ni kwenye muundo wa ofisi. Mwajiri anayetangaza nafasi ya kudumu mara nyingi huandika “coordinator” au “manager”, kwa sababu “organizer” linamfungamanisha mtu na tukio na halionyeshi cheo chake.

Maana zake za pembeni zinahitaji uangalifu, hasa anayesoma akiwa Mmarekani. Huko “organizer”, likisimama peke yake bila kutajwa kilichoandaliwa, humleta akilini mtu anayekusanya wanyonge ili wadai haki zao, awe anatoka chama cha wafanyakazi au mtaani. Cesar Chavez na Dolores Huerta, walioanzisha chama cha vibarua wa mashambani huko California mwaka 1962, wanaitwa hivyo, wala hakuna anayedhani kwamba walikuwa wakiandaa sherehe. Barack Obama alifanya kazi ya “community organizer” mjini Chicago kuanzia mwaka 1985 hadi 1988, na katika kampeni za urais za mwaka 2008 wapinzani wake walilikejeli neno hilo jukwaani, wakidokeza kuwa ni kazi isiyo na majukumu ya kweli. Mtu anayepeleka wasifu wake kwa msomaji wa aina hiyo asiache neno likielea, aliwekee kitu cha kulishika: “conference organizer”, “race organizer”. Neno moja tu mbele yake linaondoa utata wote.

Maana nyingine ni ya kifaa. Dukani, anayeomba “organizer” ataonyeshwa kasha lenye vyumba vidogo vidogo au daftari la kupangia siku. Hiyo haileti madhara katika sentensi kamili, lakini kwenye kichwa cha habari chenye maneno mawili inaweza kuchekesha.

Tahajia nayo ina mambo yake. Wamarekani huandika kwa “z”. Waingereza wengi huandika kwa “s”, ingawa wachapishaji wa Oxford wanashikilia “z” tangu zamani. Zote mbili ni sahihi. Kinachoudhi ni kuona “organiser” ukurasa wa kwanza na “organizing committee” ukurasa wa pili wa waraka uo huo.

“Coordinator”

Mswahili ana bahati na neno hili, kwa sababu tafsiri yake ya kawaida, mratibu, inachukuana na ratiba, maneno ambayo yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuweka mambo katika mpangilio. Bahati hiyo ina mtego ndani yake. Mratibu wa Kiswahili anaweza kuwa mtu mmoja aliyefanya kila kitu. “Coordinator” wa Kiingereza hawezi. Silabi ile ya kwanza, iliyotoka Kilatini ikiwa na maana ya pamoja, inadai kuwepo kwa sehemu zaidi ya moja zinazojitegemea, naye akiwa kiungo chake. Asiye na vikundi vya kuunganisha hana anachokiratibu kwa maana ya Kiingereza.

Tofauti hii inaonekana waziwazi katika Michezo ya Olimpiki. Mji mwenyeji huunda “Organising Committee”, ambayo ndiyo inayoandaa michezo, inayoajiri, inayouza tiketi na inayolaumiwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kwa upande wake, huteua “Coordination Commission”, ambayo kazi yake ni kufuatilia maandalizi hayo na kuwaunganisha waandaaji na mashirikisho ya michezo pamoja na kamati za Olimpiki za mataifa. Ukiyabadilisha maneno hayo mawili, mamlaka yote yanageuka juu chini.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1960. Wanafunzi Weusi wa kusini mwa Marekani waliokuwa wakikaa kwenye kaunta za mikahawa ya Wazungu ili kupinga ubaguzi walipounda chombo chao, waliweka neno “Coordinating” katika jina la kamati yao. Vikundi vya kila mji vililinda uhuru wake, na neno hilo liliahidi kuviunganisha bila kuvitawala. Kwamba baadaye vijana wa kamati hiyo walikwenda vijijini kuwahamasisha watu kujiandikisha kupiga kura, kazi ambayo Kiingereza huiita “organizing”, ni kejeli ndogo ya historia.

Kwa hiyo, upande wa dhamana, “coordinator” anaulizwa kuhusu mwenendo wa kazi zaidi kuliko kuhusu uamuzi wenyewe. Upande wa wakati, neno hili huchukua kazi inayoendelea: “volunteer coordinator” yupo hata pasipo na tukio lolote wiki hii, na makao ya wazee huajiri “activities coordinator” wa kuwapangia wakazi michezo, matembezi na nyimbo mwaka mzima. Simu zake hutoka ndani: watu wa usafiri wanauliza kama watu wa ukumbi wako tayari.

Wapo wanaolikwepa kwa kudhani kuwa ni cheo cha chini. Hilo si kweli kila mahali. Msimamizi mkuu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa, mwenye hadhi ya “Under-Secretary-General”, yaani msaidizi wa ngazi ya juu wa Katibu Mkuu, anaitwa “Emergency Relief Coordinator”, cheo kilichotokana na azimio la Baraza Kuu la mwaka 1991. Aliitwa hivyo kwa kuwa mashirika anayoyaunganisha yana wakuu wake yenyewe. Ni kweli, hata hivyo, kwamba katika ofisi nyingi “coordinator” huwa chini ya “manager”, na mwombaji kazi anapaswa kulijua hilo.

Udhaifu wake upo pia katika umbo. Wakiwa wawili, “co-coordinator” linatamkika kama kigugumizi. Afadhali kuandika “joint coordinators”. Tahajia yenye kistari, “co-ordinator”, bado ipo Uingereza lakini inazidi kupungua.

Kabla ya kuliacha, hebu tuziweke sentensi mbili za wasifu pamoja. Ya kwanza: “I organized a three-day conference.” Ya pili: “I coordinated a three-day conference.” Anayekusaili akisoma ya kwanza atakuuliza wazo lilitoka wapi, bajeti ilikuwa kiasi gani na kwa nini watu waliokuja walikuwa wachache au wengi kuliko ilivyotarajiwa. Akisoma ya pili atakuuliza vikundi vilikuwa vingapi, nani aliripoti kwako, na ulifanyaje viwili vilipohitaji chumba kimoja saa ile ile. Chagua sentensi ambayo una majibu ya maswali yake. Nimeona watu waliobeba kongamano zima mabegani wakiandika ya pili kwa unyenyekevu, wakajipunja. Na nimeona waliopokea wageni kwa asubuhi moja wakiandika ya kwanza.

“Planner”

Neno hili linakaa kabla ya tukio. Kazi yake ni makadirio, ratiba, michoro ya ukumbi na orodha ya watoa huduma, na simu zake hutoka kwa mteja, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kwa dhamana, “planner” huulizwa kuhusu ubora wa mpango. Mpango mzuri uliotekelezwa vibaya haumwondolei sifa yote.

Wanaoishi kwa kazi za harusi wameitenganisha mipaka vizuri. “Wedding planner” huajiriwa mapema, husaidia kuchagua ukumbi na kulinda bajeti, wakati “wedding coordinator” huupokea mpango uliokwisha kuwapo na kuhakikisha kwamba siku hiyo kila mtoa huduma anafika na kila jambo linafuata zamu yake. Bibi harusi asiyeijua tofauti hii anaweza kumlipa wa pili akitegemea kazi ya wa kwanza.

Kimazingira, Marekani husema “meeting planner” mahali ambapo Mwingereza angesema “conference organiser”, na tofauti hapo ni ya mazoea ya nchi tu. Maana za pembeni ni mbili: mtaalamu wa mipangomiji, na daftari la mwaka lenye nafasi ya kila siku. Kwa wingi, “the planners”, wengi huwaza hao wa mipangomiji kwanza. Kiswahili nacho kina vituko vyake hapa, maana mpangaji ni pia mtu anayelipa kodi ya nyumba. Anayetafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kwa mashine asishangae kuona sherehe yake imeandaliwa na “tenant”.

Mengine, na mtego wa “arranger”

Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri kijitabu cha tamasha la kwaya. Kulikuwa na bwana mmoja aliyepanga kumbi, malazi na magari, nami kwa kuwa kupanga ni “to arrange”, nikamwandika “arranger”. Kijitabu kilipotoka, mwalimu wa kwaya mgeni akamfuata kwa heshima kubwa akitaka kujua ni nyimbo zipi alizozipanga sauti. Yule bwana hakuwahi kusoma noti maishani mwake. Alicheka; mimi sikucheka.

Funzo la kilugha ni kwamba kitenzi na nomino yake havitembei pamoja kila mara. “She arranged the meeting” ni Kiingereza safi kabisa. Lakini “arranger” kama jina la mtu hukaa kwenye muziki, kwenye maua, na kwenye benki zinazokusanya wakopeshaji kwa mkopo mmoja mkubwa. Nje ya hapo, tumia kitenzi na uiache nomino.

“Animator” ni mtego wa jinsi hiyo. Katika hoteli za watalii, kwa athari ya Kifaransa na Kiitaliano, mtu anayewachangamsha wageni kwa michezo huitwa hivyo. Mwingereza akilisoma hufikiri juu ya mchoraji wa katuni za filamu. “Activity leader” au “entertainer” humfikia salama zaidi.

“Facilitator” ni mwezeshaji, na nafasi yake ni ndani ya chumba: anaongoza mjadala ulioandaliwa na mwingine. Hapigiwi simu na mtu yeyote shughuli ikiwa inaendelea, kwa kuwa amesimama mbele ya watu. Anaweza pia kuwa mwandaaji, lakini cheti kinapaswa kusema lipi kati ya hayo mawili linatambuliwa. “Host” ni mwenyeji, mwenye mahali au mwenye kipindi, na “host” wa mkutano wa mtandaoni ni yule tu anayeshikilia vitufe vya kuruhusu watu waingie. “Convener”, linaloandikwa pia “convenor”, ni mwitishaji. Linafaa sana kwenye mikutano ya kitaaluma na ya kamati, ila Waingereza wa vyama vya wafanyakazi hulitumia kwa kiongozi wa wawakilishi wa wafanyakazi mahali pa kazi.

“Promoter” limejitenga na yote kwa jambo moja, nalo ni fedha. Huyu hutafuta mtaji, huuza tukio na hupata faida au hasara. Don King, aliyewaahidi Muhammad Ali na George Foreman dola milioni 5 kila mmoja kwa pambano lililopigwa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, ni “promoter”. Kumwita “coordinator” kungekuwa kama kumwita mwenye duka mpanga rafu.

Kuchagua kulingana na hali

Kwa bango au taarifa kwa umma, “organizers” kwa wingi linatosha, na linafaa zaidi pale ambapo watu wanahitaji kujua wamlalamikie nani. Kwa nafasi ya kudumu ofisini inayohusisha idara kadhaa, “coordinator” linaeleweka upesi, mradi mtangulizie eneo lake: “events coordinator”, “training coordinator”. Kwa anayefungua biashara ya kuandalia watu sherehe, neno litegemee anachokiuza: ushauri na mpango wa mapema ni “planner”, usimamizi wa siku yenyewe ni “coordinator”, na anayeuza vyote viwili anaweza kujiita “event planner” kisha aeleze kwa sentensi moja kwamba siku ya tukio naye atakuwepo.

Kwa mwandishi wa wasifu, ningeshauri atangulize kitenzi na asihangaike na nomino. Vitenzi “planned”, “organized” na “coordinated” vinaweza kufuatana katika mistari mitatu ya wasifu mmoja, kila kimoja kikiwa na kazi yake halisi, jambo ambalo vyeo vitatu kwa mtu mmoja haviwezi kufanya bila kuonekana majivuno. Aliyeanzisha kikundi cha majirani wanaodai huduma fulani anaweza kujiita “community organizer” bila wasiwasi, kwa kuwa hapo neno limefika nyumbani kwake. Aliyeendesha mjadala wa siku moja kwa mwaliko wa wengine ajiite “facilitator” na aishie hapo.

Mtafsiri anayekuta “mratibu” kwenye waraka wa Kiswahili asikimbilie “coordinator” kabla ya kuuliza kama chini ya mtu huyo kulikuwa na vikundi au alikuwa peke yake. Na kama waraka una watu wawili wenye vyeo tofauti, mwandaaji na mratibu, tofauti hiyo ibaki katika Kiingereza hata ikibidi kurudia maneno, kwa sababu huenda malipo yao yanatofautiana.

Tukirudi kwenye cheti kinachongoja sahihi: ikiwa mtu mmoja ndiye aliyebeba warsha, “Workshop Organizer” chini ya jina lake ni sahihi na halina makuu. Ikiwa ni kamati, na wajumbe wameanza kunong’onezana kuhusu nani aitwe nani, andika “For the Organizing Committee” juu ya mstari, jina chini yake, na cheo kiachwe wazi.